Vikombe Viwili vya Maji

Hapa kwetu chupa ya vidonge ikilia ndani ya mkoba, kila mtu anajua, au anadhani anajua. Wenye haya huweka pamba chupani ili isilie. Mimi sikuweka pamba. Vidonge vyangu havikuwa vile wanavyodhani watu, na sikuona kwa nini nivifiche. Ulikuwa ujeuri tu.

Vyangu vilikuwa vya sonona. Niliandikiwa na daktari mmoja mjini Migori, baada ya miezi ya kwenda kazini bila kuoga. Ninauza mbegu na dawa za mifugo Uriri. Mteja alikuwa akiniuliza dawa ya kupe, nami namtazama tu mpaka arudie swali. Jioni nilifunga duka, nikaingia chumba changu cha kupanga, nikalala na viatu. Sikuwa nimefiwa. Hilo ndilo lililonitia aibu zaidi, kwamba sikuwa na sababu yoyote ya kumwonyesha mtu.

Vidonge vilinisaidia, siwezi kukana. Mwanzoni vilinitesa: tumbo lilichafuka, mikono ikatetemeka, usingizi ukanipaa. Kisha asubuhi moja nilijikuta nimeosha sufuria zote na ninatafuta nyingine ya kuosha. Nikaanza tena kuwatania wateja. Lakini vilinitoza pia. Mdomo ulikauka, sketi zikakataa kufunga, na mwili ukawa hautaki kuguswa. Mwanamume aliyekuwa akinitembelea aliona hivyo, akaacha kuja. Alipoacha nilitaka kulia, machozi yakagoma. Nilikaa kitandani nikiyangoja kama mtu anayengoja chafya.

Pasaka ile nilikwenda Kendu Bay kwa shangazi yangu, dada ya baba, ambaye sisi humwita waya. Ni mjane anayeuza omena, dagaa wa ziwani. Ana virusi vya UKIMWI tangu zamani na hafichi. Anameza dawa zake kila jioni baada ya taarifa ya habari redioni, hata kama wageni wamejaa sebuleni. Jioni hiyo niliusogeza mkoba wangu, ukalia.

Shangazi alizima redio. "Tangu lini?"

"Mwaka jana, waya."

"Na hukuniambia! Ukaenda kukaa na mzigo peke yako huko Uriri."

Nilifungua mdomo nimweleze. Lakini alikuwa ameshainuka, akaleta vikombe viwili, akavijaza maji, kimoja akakiweka mbele yangu. "Meza, nyathina," alisema. Mwanangu. Tangu ugonjwa huo unianze hakuna mtu aliyewahi kuniwekea maji. Nikameza, nikanyamaza.

Kuanzia siku hiyo alinipigia simu kila jioni, habari zikiisha. "Umemeza?" "Nimemeza." Hapo ndipo maneno yalipoanza: omena imeadimika, jirani kanunua mbuzi kiwete, padri kahubiri mpaka watoto wakalala. Siku nzima niliongea na watu juu ya ng'ombe wao, lakini simu ile ndiyo pekee iliyokuwa yangu. Niliwaonea wivu shangazi na wagonjwa wenzake, Mungu anisamehe. Wana kikundi, wana siku yao ya kliniki, wana nyimbo. Ugonjwa wangu hauna hata jina la heshima. Ukiutaja utaambiwa ni uvivu, au mapepo, au kichwa kimeharibika. Niliogopa kwamba siku shangazi atakapojua, simu itanyamaza.

Mvua zilipokwisha nilijiona nimepona, tena nilitaka machozi yangu. Nikaacha vidonge ghafla, bila kumwuliza daktari. Kichwa kikazunguka, kikawa kinaniruka kila nikigeuza macho. Nikamfokea mteja kwa sababu ya mfuko wa mahindi. Kisha ule uzito ukarudi, na safari hii ulijua njia. Machozi yalikuja, ndiyo, lakini yalikuja bila kunipa nafuu yoyote. "Umemeza?" aliuliza shangazi. "Nimemeza," nilisema. Baadaye sikushika simu kabisa.

Alikuja mwenyewe. Niliamshwa na mlango ukigongwa, na sauti yake ikiniita mbele ya wapangaji wote. Alinikuta kwenye kitanda ambacho hakijatandikwa kwa siku nyingi. Aliamini nimeacha dawa na sasa ninakufa. Uso wake ulikuwa umeisha rangi. Akaichukua chupa dirishani, akamimina vidonge kiganjani.

"Hizi si zetu," alisema.

Sijawahi kusikia neno lililonitoa nje upesi hivyo.

"Ni za huzuni, waya."

"Huzuni gani?"

"Sijui. Huzuni tu."

Alivirudisha chupani kimoja kimoja. "Mimi nimezika mume," alisema. "Nimezika watoto wawili. Sikupewa kidonge."

Alinifulia mashuka, akanipikia ugali na omena, akakaa mpaka nikamaliza sahani. Hakunisema, wala hakunikumbatia. Akapanda gari kurudi kwao kabla ya jioni.

Nilirudi kwa daktari, akanigombeza, akaniandikia upya, akanionya nisiache tena bila kumwambia. Nikaanza upya kutetemeka mikono. Kila jioni niliwasha redio, habari zikaisha, nikameza nikitazama simu. Haikulia. Nilijua ingekuwa hivyo, na bado niliumia kila jioni. Niliishika mara nyingi nimpigie, nikaiweka chini, maana sikujua ningeanza na neno gani.

Ilipolia hatimaye, nilikuwa nimeshaacha kuwasha redio.

"Hiyo huzuni yako," alisema, bila salamu, "inajulikanaje?"

Nikamweleza nilivyoweza. Kulala na viatu. Kumtazama mtu anayeongea na usimsikie.

"Ni ile ya kuamka kabla ya jogoo, ukakaa kitandani, hutaki hata kuwasha moto?"

"Ndiyo, waya."

"Na chakula kikawa kama unatafuna karatasi?"

"Ndiyo."

Nilisikia akivuta kiti, akaketi.

"Miaka yote hii," alisema, "nilidhani ni ujane."

Jioni zote zile alikuwa akiniuliza kama nimemeza, nami sikuwahi kumwuliza kama amelala. Nilimwambia aje Migori, nitampeleka kwa daktari wangu, tutaingia pamoja. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Nilisikia chupa yake ikilia, kisha maji yakimiminwa kwenye kikombe kimoja.

"Umemeza?" aliniuliza.

"Bado," nilisema. "Ningoje nilete maji."

Akaningoja.