Keki ya Kwanza Aliila Jogoo

Jiko lilipanda mlimani kwetu Kilema juu ya lori la kahawa lililokuwa likirudi tupu kutoka Moshi. Lilikuwa limefungwa kamba za katani kama ng'ombe wa mnadani, na kwa kweli lilitoka mnadani. Mzungu mmoja mwenye shamba upande wa magharibi wa mlima alikuwa anafungasha kurudi kwao, na mume wangu, karani katika ofisi ya kahawa mjini, alikuta sahani, viti, mbwa wawili na jiko la gesi lenye oveni vikinadiwa chini ya turubai. Mbwa hakuwanunua.

Lilikuwa jeupe, lenye miguu minne mifupi, na mtungi wake ulinifika kiunoni. Mama mkwe wangu alilizunguka mara mbili bila kuligusa.

"Kwa nini ameliuza?" aliuliza.

"Anarudi Ulaya, Mama," mume wangu alisema.

"Ulaya hawapiki?"

Mume wangu alicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu niliona swali lile lilikuwa limeelekezwa kwangu. Wakati ule maswali yake yote niliyaona yameelekezwa kwangu.

Mwingereza alikuwa bado anatutawala, nami nilikuwa nimerudi kutoka chuo cha Kampala na kuanza kufundisha shule ya wasichana. Nilijua mambo mengi na nilikuwa na haraka ya kuyagawa. Mama mkwe aliliona hilo siku ya kwanza, akanipa jina la Mwalimu. Wengine waliponiita hivyo ilikuwa heshima. Yeye alilitamka taratibu, kama mtu anayepima uzito wa kuku kabla ya kukataa kumnunua.

Tuliishi kwenye kihamba kimoja, shamba la ukoo lenye migomba na mibuni. Nyumba yake ilikuwa mbele ya migomba, yetu ya mbao na bati ilikuwa nyuma yake, na jiko langu lilitazamana na jiko lake, hatua tano hivi. Kwake kulikuwa na mafiga matatu na moto ambao, kwa maelezo yake, haukuwahi kuzimika tangu alipoolewa. Nilikuwa na mimba ya miezi mitano, na hapo ndipo penye kiini cha hadithi hii.

Kwetu mlimani mwanamke akijifungua hukaa ndani miezi mitatu, na anayemlisha ni mama mkwe. Mtori wa ndizi na nyama, maziwa, siagi, supu ya mifupa, asubuhi hadi jioni. Mzazi hapiki, hatoki, hachagui. Maana yake ni kwamba baada ya miezi minne, kila kitakachoingia kinywani mwangu kingetoka mikononi mwa mwanamke ambaye, tangu niolewe, hakuwahi kula hata tonge moja la chakula changu. Mara ameshiba. Mara jino linamsumbua. Mara moja aliniambia amefunga Kwaresima, na Pasaka ilikuwa imepita wiki mbili.

Nilijiuliza usiku na mchana: mtu asiyekula kwako, utakulaje kwake? Mimi si mjinga, nilijiambia, hizi habari za watu kulishana vitu ni porojo. Halafu nilikumbuka shangazi mmoja wa mama yangu ambaye alikula ndizi kwa jirani na hakuamka, na kusoma kwangu kote kukawa hakuna maana. Niliamua nitaoka keki nzuri kiasi kwamba atashindwa kuikataa. Akila kwangu, nitakula kwake.

Keki ya kwanza ilitoka vizuri. Niliipeleka kwake Jumapili baada ya misa, nzima, juu ya sahani, na kisu pembeni, kama tulivyofundishwa na bibi wa Kizungu aliyetusomesha mapishi: keki haikatwi mpaka mgeni aione. Mama mkwe aliitazama ile keki. Akanitazama mimi. Akasubiri.

Hapa lazima nieleze kosa langu, ingawa msomaji wa Kichagga ameshaliona na anatikisa kichwa. Mtu akikukaribisha mbege, pombe yetu ya ndizi, anakunywa yeye kwanza, mbele ya macho yako, ndipo anakupa kata. Hivyo anakuonyesha kwamba hakuweka kitu. Desturi hii niliijua tangu utotoni. Lakini kichwani mwangu ilikuwa ya mbege, na keki ilikuwa ya Kampala. Basi nilisimama pale, mikono nyuma, natabasamu, na sikuonja kitu.

"Asante, Mwalimu," alisema. "Iweke hapo."

Nilijificha dirishani mwangu nikachungulia. Alikata kipande, akakifikicha kiganjani, akamrushia jogoo wake mwekundu. Kisha akaleta kigoda, akaketi, akamtazama. Alimtazama mpaka jua lilipogeuka. Jogoo hakufa. Kwa kweli alionekana kuipenda dunia kuliko mwanzo, akabaki kuzunguka mlango wangu siku nzima. Keki iliyobaki Mama mkwe aliifunika kwa jani la mgomba, na Jumatatu nikaikuta bado pale, imefunikwa.

Sikumwambia mume wangu, ambaye alilala mjini siku za kazi na kupanda Jumamosi. Ningemwambia nini? Kwamba nimeshindwa na jogoo?

Nikaendelea kuoka, na hapo mambo yakaanza kuharibika. Keki ziliingia oveni zimejaa matumaini na kutoka zimezama katikati kama kaburi la zamani. Niligeuza vipimo, nikabadili unga, nikailaumu baking pauda ya dukani Moshi kwamba imechakaa. Nilisoma tena daftari langu la Kampala. Halafu siku moja niliporudi kutoka mferejini na kufungua mlango wa oveni, nikakuta moto umezimika. Nikagusa koki ya mtungi. Ilikuwa imefungwa, imekazwa kwa mkono wa mtu.

Watu wazima nyumbani tulikuwa wawili tu.

Tangu hapo nilianza kuhesabu dalili. Niligundua kwamba kila ninapowasha oveni, moshi wa jiko lake unakoma. Kila mara. Mwanamke ambaye moto wake haukuzimika tangu aolewe, sasa anauzima kwa sababu yangu! Chakula chake kinachelewa, wajukuu wanaokuja kula kutoka kwa shemeji wanalia njaa, na yeye kimya. Nikatafsiri: anasusa. Ananiambia kwamba kihamba kimoja hakina mioto miwili. Nilijisifu kwa tafsiri hiyo. Nilikuwa nimesomea fasihi.

Lakini kweli, alikuwa ameniambia jambo mapema, na lazima niliandike, maana linanihukumu. Wiki ya pili baada ya jiko kufika alisimama mlangoni pangu, akakunja pua.

"Mwalimu, kitu chako kinanuka."

"Ni gesi, Mama."

"Kinanuka kama kitunguu kilichooza."

Hata mimi nilikuwa nikiisikia harufu ile, na ilinitia kichefuchefu na kuniumiza kichwa. Lakini muuguzi wa misheni alikuwa ameniambia kwamba mwenye mimba hunusa hata visivyokuwepo, nami nilishamwachia mwanangu aliye tumboni kesi yote. Kwa hiyo nikampa Mama mkwe somo.

"Gesi yenyewe haina harufu, Mama. Hiyo harufu wenye kuitengeneza wameitia makusudi."

"Watie uvundo makusudi? Kwa nini?"

"Ili ikivuja, watu wajue."

Aliutazama mtungi.

"Haya," alisema. "Ili wajue." Akaenda zake.

Nilijibu vizuri sana. Mpaka leo nakumbuka nilivyojibu vizuri.

Sasa nilikuwa na mshukiwa, nikataka ushahidi. Ilikuwa Alhamisi ya likizo ya shule. Nikachanganya keki, nikaitia oveni, nikachukua ndoo na kusema kwa sauti, ili hata migomba isikie, "Mama, naenda mferejini!" Nilizunguka nyuma ya nyumba, nikaacha ndoo, nikachuchumaa katikati ya mibuni na tumbo langu la miezi sita. Msomi wa Kampala, mwalimu wa wasichana, nimejificha kama mwizi wa kahawa. Siafu walinipata kabla sijapata ushahidi. Niliuma kitenge nisipige kelele.

Mama mkwe alitoka. Kwanza alirudi ndani kwake, nikasikia maji yakimwagwa na jivu likichemka. Kisha akavuka ua kwa haraka ambayo sijawahi kuiona kwake, akaingia jikoni kwangu, akafungua dirisha, akafungua mlango wa nyuma, akafunga koki, akachukua jani la mgomba na kuanza kupepea hewa itoke nje. Alipepea kama mtu anayefukuza nyuki.

Nikaibuka.

"Kumbe ni wewe, Mama!"

Hakushtuka. "Na wewe maji yako wapi?"

"Unaharibu keki zangu!"

"Ndiyo, nazizima."

"Kwa nini? Nimekukosea nini?"

"Siafu wanakupanda shingoni," alisema, akaja kunitoa mmoja mmoja huku akizungumza, na hakuna kitu kigumu kama kumkasirikia mtu anayekutoa siafu. "Kaka yangu amewapikia Wazungu miaka ishirini. Nilishuka mjini nikamuuliza. Akaniambia, dada, kitu hicho kikinuka kimetoboka, na kikikutana na moto mtazikwa kwa vipande. Moto wangu uko hatua tano. Nauzima kwanza wangu, halafu wako."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia kinanuka. Ukanifundisha."

Siafu wa mwisho nilimtoa mwenyewe.

"Alisema pia nipake povu la sabuni kwenye ule mpira wa gesi, panapovuja pataonekana," aliendelea. "Nikasema jiko si langu. Nitapakaje kitu cha mtu?"

Tuliingia. Alinipa sabuni ya kufulia, kumbe alikuwa nayo mfukoni mwa gauni, sijui kwa siku ngapi. Nikakoroga povu kwenye bakuli, nikafungua koki kidogo, nikapaka mpira kutoka mtungini hadi nyuma ya jiko. Huko nyuma, mahali mpira ulipojikunja dhidi ya ukuta, povu likaanza kuvimba. Likavimba polepole kama koo la chura, likapasuka, likavimba tena. Pale mpira ulikuwa umepasuka ufa mwembamba kama ukucha. Nadhani ulikuwa hivyo tangu mnadani.

Nikafunga koki kwa mikono miwili.

Mama mkwe hakusema "Nilikuambia." Alisema, "Sasa tunajua," akanawa mikono.

Keki ilikuwa bado ndani ya oveni. Niliitoa kwa kukosa la kufanya. Ilikuwa imeiva pembeni na katikati ni uji. Safari hii sikufikiri juu ya Kampala. Nilikata kipande, nikakila mimi, mbele yake, nikameza. Kisha nikakata cha pili nikampa kwa mikono miwili.

Alikipokea. Akakigeuza. Jogoo alikuwa mlangoni, ameshaizoea kazi yake, akinyoosha shingo. Mama mkwe akamfukuza kwa mguu, akala.

"Haijaiva," alisema.

"Umeizima, Mama."

"Hata hivyo, haijaiva." Akamaliza kipande.

Mume wangu alinunua mpira mpya mjini, na kaka yake Mama mkwe, mpishi, akaja mwenyewe kuufunga. Alipaka povu mara tatu. Alipoondoka, Mama mkwe alipaka mara ya nne. Moto wake haukuzimwa tena, ingawa alimwambia kila mtu aliyepita kwamba Mwalimu alitaka kuulipua ukoo mzima kwa ajili ya mikate ya Kizungu. Sikubisha.

Nilidhani mambo yameisha pale. Lakini nilivyo, kuwa na wasiwasi ni kama kuwa na kovu: unajigusa kila mara kuona kama bado lipo. Mtoto akazaliwa mwezi wa baridi, msichana, nami nikalazwa kitandani nyuma ya pazia, nimefungwa tumbo kwa kitambaa. Jioni ile ya kwanza nilisikia harufu ya mtori inakuja kutoka upande wa pili wa ua. Nilikuwa na njaa ya kutisha. Na bado, pale gizani, akili yangu ilianza: alikula kipande kimoja tu cha keki mbichi, tena kwa adabu labda. Nimemvizia jikoni mwangu kama mwizi, nimemwita mharibifu. Miezi mitatu ni mirefu. Yule shangazi alikula ndizi tu.

Mama mkwe aliingia na bakuli na kijiko cha mti. Nadhani aliniona ninavyolitazama lile bakuli, maana alisimama. Hakunipa. Alivuta kigoda, akaketi mahali taa ilipomulika uso wake, akachota kijiko kikubwa, akapuliza, akala. Akatafuna bila haraka. Akameza, akafungua mdomo kunionyesha kwamba hakuna kilichobaki.

"Haya, Mwalimu," alisema, akiniwekea bakuli kifuani. "Mimi bado mzima."

Nilimtazama kwa muda, kama yeye alivyomtazama jogoo.

Kisha nikala.