Seli za Télesphore mbele ya wakwe

Kaka yangu Télesphore amefundisha biolojia kwenye shule ya Majengo miaka thelathini, na dunia nzima anaipima kwa seli. Ukimwambia maharagwe yameungua, atakueleza ni protini gani imeumia. Mutu muzuri, lakini usimupe neno.

Sisi tukamupa. Musemaji wetu alipoteza sauti asubuhi ile ile tuliyokwenda Keshero kwa muzee Munyaneza, kumuombea Rodrigue, mutoto wa marehemu dada yetu, amuoe Mahoro, binti ya muzee huyo, na Télesphore akakaa kwenye kiti cha musemaji. Na desturi unaijua: musemaji akiisha kukaa kwenye kiti, neno lake ni la ukoo muzima. Hakuna wa upande wake wa kumukata wala kumusahihisha.

Musemaji wao, Nsabimana, muzee wa ulimi mrefu, akaanza: «Kijana wenu ametoka ukoo gani?»

Hapo mutu anataja mababu na ngombe. Télesphore akasimama kama yuko darasani mbele ya tablo, chaki mukononi.

«Limfosite T, askari wa damu, inazaliwa haijajua kazi yake. Inaingia kwenye tezi, hapa nyuma ya mufupa wa kifua. Mule inakata jeni zake yenyewe, inaunga vipande upya, kila moja kwa namna yake, mpaka ipate chombo cha kumutambua adui. Halafu mutihani. Isiyotambua watu wa nyumbani, inakufa. Inayowarukia watu wa nyumbani, inakufa. Katika mia, tisini na kitu zinakufa.»

«Yesu!» mama yake Mahoro akasema. «Kwao watoto tisini wanakufa?»

Nikauma kitenge nisimukate kaka yangu.

«Na zinazopona?» Nsabimana akauliza, macho yanacheka.

«Zinachagua kazi, papa. Kuua seli zenye ugonjwa, ao kusaidia wengine. Mbele ya kuchagua, kila moja inabeba alama zote mbili. Ikiisha kuchagua, hairudi nyuma.»

«Basi Rodrigue wenu ni muuaji ao musaidizi?»

«Bado ana alama zote mbili,» kaka yangu akajibu. Mwalimu hadanganyi.

Rodrigue akalowa jasho mpaka kwenye kravati ya shingoni. Wamama wa kwao wakaanza kuondoa sahani, na sisi hatujagusa hata ndizi.

Muzee Munyaneza, aliyechunga ngombe Masisi maisha yake yote, akainua mukono. «Muacheni. Mwalimu anasema kweli. Ndama asiyejua zizi lake, nauza. Anayepiga pembe wenzake wa zizi, nauza. Kijana, chagua sasa hivi.»

«Musaidizi, papa!»

«Saidia basi.»

Wakamubebesha kasiye, sanduku zima la chupa za bia. Muoaji, ndani ya suti mpya, akazunguka kuwagawia mashangazi wote wa Mahoro, na mumoja wao, mama Rosette, akarudisha chupa mara tatu, eti haina baridi.

Ndipo wakamutoa Mahoro kwa vigelegele. Akamusogelea Rodrigue, akanong'ona: «Weka chini hiyo kasiye, unishike mukono. Watu wanatuangalia.»

«Siwezi. Nimeisha chagua.»

Mahoro akamutazama sana. Halafu akashika upande wa pili wa kasiye, na ndivyo walivyopigwa foto.