Njia Tuliyoipoteza kwa Adabu

Hadi leo mtu akinisifia adabu za watu wa Cotterby, damu inanichemka. Nilizaliwa pale, mji wenyewe mitaa saba na kiwanda kimoja cha viatu, na niliona kwa macho yangu adabu hizo zilivyotufanya wajinga.

Aliyetuzidi wote kwa adabu alikuwa Edna Tuffnell, mpishi wa shule yetu. Hakuwa ndugu wa mtu pale mtaani, lakini watoto wote tulimwita shangazi. Alikuwa mjane, mfupi, mikono imebabuka kwa mvuke, na kila asubuhi alitukusanya watoto tisa akatupitisha kwenye malisho ya Mzee Noakes hadi shuleni. Dakika kumi tu. Tulikanyaga matope kwa mabuti ya mpira, tukachuma matunda ya miibani, tukagombezwa. Ukimsukuma ng'ombe, Shangazi Edna alikulazimisha umwombe radhi, na tulimwomba kweli.

Kiwanda kilifungwa nikiwa na miaka minane. Baba akawa anashinda jikoni akitengeneza redio ambayo haikuwa imeharibika. Likaja duka la mazulia mahali pa kiwanda, na malori yakaanza kupita barabara kuu mfululizo. Mzee Noakes alipofariki, malisho yalinunuliwa na Lionel Straker, mjenzi wa nyumba kutoka mji mkubwa. Wiki ya pili tukakuta geti la chuma na kufuli. Kwenda shule sasa ilikuwa ni kuzunguka kwa barabara kuu, nusu saa nzima, malori yakikupita karibu na sikio.

Lakini sheria ilikuwepo. Watu wakipita mahali kwa miaka ishirini, waziwazi, bila kuvunja kitu na bila kupewa ruhusa, njia inakuwa yao milele. Shangazi Edna alikuwa amepita miaka thelathini na mmoja. Alibisha hodi kila nyumba akikusanya sahihi za kuidai njia.

"Tumempata," baba alisema, na tangu kiwanda kifungwe sikuwa nimemwona akitabasamu. "Huyo Straker atalila geti lake."

Serikali ikatuma afisa kutusikiliza, ukumbi wa kanisa ukajaa. Shangazi alivaa kofia yake ya kuendea harusi. Wakili wa Straker, kijana aliyenyoa vizuri, alimwuliza kwa upole.

"Mama Tuffnell, mlielewana na marehemu Noakes?"

"Sana. Kila Krismasi nilimpelekea keki ya tangawizi, kwa niaba ya mtaa mzima."

"Ya nini, mama?"

"Ya kumshukuru. Na kumwomba atukubalie kupita mwaka mwingine. Hupiti tu kwenye shamba la mwenzako kama mbuzi."

"Naye alisemaje?"

Baba alifumba macho. Hata mimi, mtoto wa miaka kumi, nilishaliona shimo. Shangazi angeweza kusema hakumbuki.

"Alisema, 'Nimewaruhusu, Edna. Piteni wote.' Kila mwaka. Muungwana sana yule."

Wakili akaketi. Hakuwa na swali jingine.

Afisa aliandika kwamba miaka thelathini na mmoja ya kupita kwa ruhusa haihesabiki hata siku moja. Nasema hivi na sioni aibu: lau tungekuwa watu wa ovyo, tukapita pale pua juu bila hata kumsalimia yule mzee, njia ingekuwa yetu. Sheria iliwalinda wasio na adabu ikawafungia geti waliopika keki. Nilikasirika wakati ule na bado nimekasirika. Kibaya zaidi, mtaa ukamnunia Shangazi, wakati nusu yao walikuwa wakimvulia Noakes kofia na kumwambia asante kila walipopita. Baba yangu mwenyewe aliacha kumsalimia.

"Ungefunga mdomo tu, Edna," jirani mmoja alimwambia dukani. "Mara moja tu maishani mwako."

"Aliniuliza," akajibu, akachukua mkate wake.

Tingatinga zilipofika, Straker alikuja mwenyewe hadi lango la shule wakati wa kutoka. Tulikuwa tumejipanga nyuma ya Shangazi, soksi bado zimelowa maji ya barabarani ya asubuhi. Straker akatoa ufunguo wa geti mfukoni.

"Mama Tuffnell, mimi si mtu mbaya. Kile kipande cha kando ya ua sitakijenga mwaka huu. Pita wewe na hawa watoto. Nakuruhusu."

Miguu ya Shangazi ilikuwa imevimba kwa ule mzunguko, mchana alikuwa anapika ameketi. Sote tulimwangalia. Nilijua atasema asante, maana sikuwahi kumsikia akikosa kuisema. Mkono wake hata ulianza kunyooka.

Akaurudisha kwenye mfuko wa koti. "Ruhusa zimenitosha, bwana," alisema, akawashika wadogo wawili mikono, tukarudi nyumbani kwa barabara ya malori.