Siku Niliyomwamkia Mama Mkwe Nikiwa Nimening'inia

Nianze kwa kukiri kwamba hadi leo, nikikatiza sokoni Tabora mjini nikasikia watu wawili wanacheka, najua wananicheka mimi, hata kama ni wauza mchele ambao hawajawahi kuniona, maana aibu yangu haikuwa ya kujifungia chumbani mpaka ipoe, ilikuwa aibu ya juu hewani, ya kuonekana na kila mwenye macho, na wa kwanza kati ya wenye macho alikuwa mama mkwe wangu.

Mimi ni mwalimu wa chuo cha ufundi, nafundisha vijana wa uhandisi wa ujenzi wa mwaka wa mwisho, na somo langu si hesabu wala michoro (hayo yana walimu wenye akili kuliko mimi), langu ni kuwaandaa kwa kazi: kuingia saiti, kuvaa, kujibu maswali ya usaili, na kumwambia bosi jambo asilotaka kulisikia bila kumvunjia heshima. Hilo la mwisho ndilo huwashinda. Tumelelewa hivyo sisi, mkubwa akikosea unaangalia chini. Nilikuwa na binti mmoja anaitwa Pili, mtoto wa fundi cherehani wa Chemchem, mpole huyo, michoro yake inatoka kama imechapwa, lakini sauti hana. Siku moja kwenye mazoezi nikajifanya bosi mkali, nikamwamuru apande mnara bila mkanda wa usalama, nikitegemea akatae. Akasema, "Sawa, mwalimu," akaanza kupanda. Ikabidi nimkimbilie nimshike mkono.

"Pili, mama, ungekufa kwa ajili ya adabu?"

"Samahani, mwalimu."

Nikakata tamaa kidogo (nisiwadanganye, nilikata sana).

Basi ikafika siku ya wageni. Kila mwaka tunawaalika wazazi waone kazi za watoto wao, na safari hii alikuja pia mhandisi mmoja wa kampuni ya ujenzi, Mhandisi Kisanji, mzee mnene wa sauti nzito, ambaye kampuni yake ilikuwa inajenga madaraja huko upande wa Choma na ilitaka vijana wachache wa kuajiri. Kwa darasa langu hiyo ilikuwa nafasi ya kuombea dua. Na mke wangu Zuhura naye, bila kuniuliza, akamleta mama yake, aliyekuwa ametoka Urambo kuja kumwona mjukuu. Sasa mama mkwe huyu tangu nilipooa hajawahi kuelewa kazi yangu. Kwao wanalima tumbaku, kazi ni kitu unachokiona jioni kimesimama. Alishawahi kumuuliza Zuhura, "Kwa hiyo mumeo anafundisha watu wazima kuvaa kofia?" Mimi hakuniuliza, kwa sababu kwa desturi yao mkwe na mkwe hawaongei ovyo, wanapishana kwa heshima na kwa mbali, lakini maneno yalinifikia, na yalinichoma.

Kwa hiyo nilipomwona amekaa mstari wa mbele, amejitanda khanga, Mhandisi Kisanji kiti cha tatu kutoka kwake, nikaingiwa na kitu. Ratiba ilisema mwanafunzi mmoja, Masanja, ndiye atapanda mnara wa mazoezi (ni fremu ya chuma nyuma ya karakana, inazidi kidogo paa) aoneshe mkanda wa usalama unavyomshika mtu. Nikamwambia Masanja apumzike, nitapanda mwenyewe.

Nilikuwa nimevaa suti, na chini viatu vyangu vya Idi, vyeusi, vinavyong'aa, soli zake laini kama kigae. Mkanda nikauvaa vizuri juu ya suti, kila kifungo nikakikagua. Pili alikuwa amesimama kwenye kabati la vifaa na mabuti mkononi.

"Mwalimu... viatu?" akasema, nusu anajiuliza mwenyewe.

"Dakika moja tu, Pili. Napanda nashuka."

Jamani, neno hilo nimelikataza darasani mpaka limeandikwa ukutani.

Nikapanda. Kupanda hakukuwa na shida, nikafika juu, nikafunga ndoano ya kamba yangu kwenye chuma, nikageuka nikawatazama wageni wangu, nikaanza hotuba. "Ndugu wageni, mhandisi mzuri haogopi, kwa sababu amejiandaa!" Wakapiga makofi. Nikaona khanga ya mama mkwe imesogea kidogo. Nikaegemea nyuma, mikono nimeinyoosha, niwaoneshe nisivyoogopa, na hapo kiatu cha kulia kikateleza, cha kushoto kikakifuata, na mimi nikavifuata vyote viwili.

Mkanda ulinishika, niusifu. Kamba ikakaza mgongoni kwa kishindo, na nikabaki nimening'inia katikati ya mnara, kichwa kimeinama mbele, mikono inapepea, kama fungu la majani ya tumbaku ndani ya bani la kukaushia, na ile mikanda ya mapajani ikaniminya mahali ambapo sitapataja, kuna watoto. Kiatu kimoja kikanivuka, kikaanguka, kikatua puu! mbele ya miguu ya Mhandisi Kisanji.

Halafu kamba ikaanza kunizungusha, taratibu, bila haraka yoyote. Nikauona ukuta wa karakana. Nikawaona wazazi. Nikaona soksi yangu imetoboka, kidole gumba kinachungulia. Kisha nikageuzwa nikajikuta uso kwa uso na mama mkwe, na mimi ni mtu niliyelelewa, mdomo ukafunguka wenyewe:

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba," akaitikia kutoka ndani ya khanga. "Hujambo?"

"Sijambo, mama."

Nikazunguka nikaenda zangu.

Hapo uwanja mzima ulipasuka. Watu walicheka mpaka wengine wakashikana. Lakini mimi nilianza kuacha kuona kichekesho, kwa sababu miguu ilikuwa inakufa ganzi, na ninajua (nafundisha mwenyewe) kwamba mtu hakai muda mrefu kwenye mkanda namna ile, damu hubaki miguuni, anazimia, na mkanda uliomwokoa ndio unaommaliza. Mhandisi Kisanji naye alilijua hilo. Akanyanyuka mbio, kichwa wazi, akaja chini yangu, mikono juu, anataka kunivuta miguu.

"Mzee, simama hapo!"

Sikujua ni sauti ya nani. Nikadhani mkuu wa chuo. Kamba ikanizungusha nikamwona: Pili. Amesimama mbele ya yule mzee, hamfiki begani, kamshikia kofia ngumu.

"Samahani, mzee wangu. Hapo juu bado kuna kiatu kimoja. Vaa hii, kisha urudi nyuma ya mstari. Ukimvuta utamuumiza."

"Binti, unanijua mimi ni nani?"

Nikafumba macho. Nikasema basi, ajira za watoto wa watu zimekwisha.

"Nakujua, mzee. Naomba urudi nyuma."

Na akarudi! Akavaa kofia, akarudi. Pili akageuka, sasa sauti imeshatoka hairudi tena. "Masanja, panda na kamba ya pili na kapi! Nyie wanne shikeni huku chini! Mwalimu, chezesha miguu, usiache! Endesha baiskeli!"

Nikaendesha baiskeli. Hewani, na suti yangu, na kiatu kimoja, mbele ya mkwe wangu, nimekanyaga pedali zisizokuwepo kama naenda Urambo nimechelewa. Nikilegea tu, Pili anapiga kelele, "Mlima huo, mwalimu, kaza!" Masanja akafunga kapi juu, akaninasa na kamba ya pili, wale wa chini wakaninyanyua kidogo, akafungua ndoano ya kwanza, wakaniteremsha polepole, bila kunigonga popote. Wakanikalisha. Pili akapiga magoti kunifungua mikanda.

"Mwalimu, nimemfokea mgeni," akanong'ona, machozi yakimlenga.

"Ndiyo," nikamwambia. "Ahsante, mama."

Mhandisi Kisanji akaja, kofia bado kichwani, kiatu changu mkononi. Akanikabidhi kama cheti. "Mwalimu, huyu binti namchukua. Na huyo aliyepanda, na hao wa kamba pia." Akanitazama soksi. "Wewe siwezi kukuajiri."

Jioni tulikaa uani nyumbani, mama mkwe upande wake kwenye mkeka, mimi upande wangu kwenye kiti (nimekaa kwa tabu), Zuhura katikati anajizuia kucheka. Mama mkwe akakohoa.

"Zuhura, mwambie mumeo wale watoto wamemshika kama yai."

Zuhura akanigeukia. "Mama anasema wale watoto wamekushika kama yai."

"Mwambie mama nimesikia."

"Mwambie," akaendelea, "mtu hashikwi hivyo na watu asiowalea."

Zuhura alitaka kunifikishia na hilo, akaniangalia usoni, akaacha.

Tangu hapo wageni wakija mimi nakaa chini, mbali, na mwanafunzi yeyote akiniambia vua hiki, vaa kile, nafanya papo hapo kama mtoto wa darasa la kwanza. Miaka yote nilidhani kazi yangu ni kusimama juu ili waone. Kumbe ilikuwa ni kuwaandaa mpaka nikianguka wajue la kufanya, na nimeshahakikisha kwamba wanajua, mara moja inatosha, sihakikishi tena.