Maji ya Kisima kwenye Kamba ya Bembea

Harufu ya makumbi yaliyooza topeni ni mbaya, na sina haja ya kuipamba. Ni ya yai viza na tope la mikoko, na nyumbani kwetu Chundwa, kisiwani Pate, ndiyo iliyompokea mgeni kabla hajamaliza kupiga hodi. Bibi yangu, mama yake baba, aliyafukia makumbi ya nazi pwani, kwenye tope linalofunikwa na maji kila yanapojaa, akayaacha humo miezi hadi yalainike. Kisha aliyafukua, akayaponda kwa rungu juu ya jiwe, akapata usumba, na usumba ule akausokota kwa viganja hadi ukawa kamba. Alizaliwa Matondoni, kijiji cha waunda majahazi, akaletwa kwetu kuolewa, na hakuna mtu aliyethubutu kubishana naye juu ya kamba. Nilipokuwa na miaka kumi niliionea haya harufu ile, kwa sababu wenzangu wa chuoni, tulikosoma Kurani, walisema inanifuata mpaka mkekani. Siku hizi sioni haya tena. Nikiisikia, huharakisha hatua kwa sababu nyingine.

Desturi yetu ilikuwa kwamba Idd ikifika wanaume husimamisha bembea uwanjani, watoto wakapembea siku nne, na siku ya nne jioni ikashushwa, boriti zikarudishwa kwa mwenyewe. Mwaka ule Idd ya kuchinja iliangukia mwisho wa kaskazi. Ilipofika saa ya kushusha, watoto walilia kilio ambacho baba hakukiweza. Baba alikuwa seremala na mtu wa mipango mingi. Alisema watoto wa Chundwa hawana pa kuchezea ila vichochoro na jalala, na kwamba bembea haitashuka. Akaupima uwanja kwa hatua zake, akang'oa miiba, akabebesha punda mchanga mweupe kutoka ufukweni na kuumwaga chini ya bembea ili atakayeanguka asiumie. Akaweka ubao wa kupanda na kushuka wawili wawili, na kibanda cha makuti kwa akina mama wanaongoja watoto. Mwisho, kwa kuwa masika yalikuwa karibu na mvua ingeuchukua mchanga, akauzungushia mawe, moja baada ya jingine, kwa uangalifu mkubwa. Hakuwahi kuona uwanja wa michezo wa mjini. Ule wote aliutoa kichwani mwake, na nilimpenda mno kwa ajili yake.

Kamba ilikuwa ya bibi, nene kama kifundo cha mkono wangu. Bibi hakupendezwa na mpango ule. Alisema kamba ya usumba ni ya chomboni, huishi kwa chumvi, na ikikaa juu mvuani hufa ndani kabla ya kufa nje. Baba alipomsihi, alikubali kwa sharti moja: kila Alhamisi, chuo kikifungwa, mtu apande na kuimwagia kamba maji ya bahari, hasa pale juu penye fundo. Akanichagua mimi, maana nilipanda boriti kama kima. Akanishika sikio, si kwa ukali, akaniambia, "Uipe mai ya pwani. Usiipe mai ya kisima, mai ya kisima huila. Hata kama ndia ni mbali."

Alhamisi mbili nilifanya nilivyoambiwa. Ya tatu maji yalikuwa yametoka kabisa, na kuyafikia kulitaka kupita katikati ya mikoko, tope likinifika magotini, kisha kurudi na ndoo kichwani huku wenzangu wakicheza. Kisima kilikuwa pembeni mwa uwanja, hatua chache tu. Nilichota, nikapanda, nikamwaga. Jioni bibi aliniuliza kama nimeipa kamba maji yake, nikajibu nimeipa, na nikajisifu moyoni kwamba sikusema uongo. Mvivu hakosi hoja. Baada ya hapo sikwenda pwani tena. Mvua zilianza, kamba ikawa nyeusi na nzito, na kwa macho yangu ilionekana imara kuliko siku ya kwanza. Wiki saba nililisha kamba ile sumu.

Mwanaesha alikuwa binti wa jirani yetu na rika langu. Alipembea amesimama, bila hofu, na kila mtoto alitaka kuwa yeye. Alasiri ile mvua ilikuwa imepumzika. Tulikuwa tukipeana zamu kwa kuhesabu mpaka thelathini, na aliyekuwa akihesabu ni mimi, nikingoja zamu yangu. Nilifika ishirini na mbili. Kamba haikutoa mlio mkubwa, ilipasuka kama kitambaa kikuukuu, na Mwanaesha akarushwa nyuma, akaupita mchanga wote wa baba, akaangukia mgongo juu ya mawe. Hakulia. Alisema tu kwamba hasikii miguu yake, kwa sauti ya mtu anayeuliza kiatu chake kiko wapi.

Wanaume waling'oa mlango wa nyumba ya kina Mwanaesha wakamlaza juu yake. Boti ya kumpeleka hospitali Amu, mji wa Lamu, ilikuwa imekaa topeni, na hakuna aliyeweza kufanya lolote ila kungoja maji yajae. Katika kungoja huko bibi akafika uwanjani. Hakupiga kelele. Aliinama, akakiokota kipande cha kamba kilichokatika, akakichambua kwa kucha, kisha akakigusisha ulimini. Akaniangalia. Siri ya mtungi aijuaye kata, na mimi nilijua kwamba amejua. Baba yake Mwanaesha akauliza kwa ukali ni nani aliyetoa kamba mbovu wapembee watoto. Bibi akamwambia mbele ya watu wote, "Kamba ni yangu. Niliisokota vibaya."

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Kitu cha kwanza nilichohisi kilikuwa nafuu, nafuu tupu, kama mtu aliyevuliwa nguo zilizoloa. Aibu ilikuja baadaye, na haijaondoka. Baba alizikata boriti kwa shoka siku ile ile. Mwanaesha alirudi kutoka hospitali baada ya miezi akiwa amebebwa, na hajatembea mpaka leo. Hakuna mtu aliyemwagiza tena bibi kamba. Kila siku baada ya alasiri alikwenda kwa Mwanaesha na mafuta ya nazi, akamkanda miguu, na Mwanaesha akageuza uso ukutani mpaka amalize. Miaka saba. Mimi na bibi hatukuwahi kulizungumza. Mara moja tu, nikiwa na miaka kumi na tano, nilianza kusema, akanitia kipande cha mkate wa mofa mkononi na kuniambia nile. Alipofariki nilikuwa bara chuoni, nikisomea ualimu.

Uwanja ulibaki mtupu. Idd zikaja na kupita bila bembea, maana uko mbele ya dirisha la Mwanaesha na hakuna aliyekuwa na uso wa kumwomba. Mwaka jana likaja shirika linalojenga viwanja vya watoto, na pamoja nalo msichana mchoraji kutoka Mombasa, mpole, mwenye karatasi zake. Alitueleza kwenye mkutano kwamba mbele na nyuma ya bembea pataachwa wazi, pasiwe na jiwe hata moja, maana mtoto akirushwa huenda mbali. Alilisema kama jambo dogo. Baba, mzee sasa, aliinuka akatoka nje. Kamati ya kijiji ikanituma mimi, mwalimu wa shule yetu, nikamwombe Mwanaesha ridhaa.

Alikubali kabla sijamaliza. Alisema watoto hawana kosa. Nilipaswa kushukuru na kwenda zangu, lakini mdomo ulifunguka wenyewe, nikamweleza yote, kisima na Alhamisi na wiki saba.

"Bibi yako alipokuwa akifa alimtuma mtu anitake radhi," akasema. "Mara tatu. Zote tatu nilisema sitoi."

Kisha akaniuliza, kwa kuwa nimesoma, kama radhi humfikia aliyekwisha kuzikwa. Nilimwambia amuulize shehe.

Uwanja umekamilika. Wa baba ulidumu masika moja. Huu una minyororo isiyoshika kutu, na wanasema utakaa miaka bila mtu kuumwagia chochote. Watoto hupanga foleni tangu asubuhi, na hakuna anayewauliza kama wametimiza walichotumwa. Nafurahi kwa ajili yao, kweli kabisa. Kila nikitoka shuleni hupita chini ya dirisha la Mwanaesha, naye hunijibu salamu. Sijamwomba radhi. Naogopa atanipa mimi, niliye hai, kile alichomnyima bibi.