Salamu za Papa Donat

Aurélie Namegabe ana namna ya kukunja mdomo kama mtu aliyeuma haragwe lililooza. Huukunja hivyo kila anapokuta neno "mashuhuri" katika makala kuhusu mtu asiyejulikana nje ya avenyu yake. Kazi yake ni ukarani katika ofisi ya mizigo mpakani. Jumamosi, katika ukumbi mmoja wa Murara, mjini Goma, huwapokea wageni wa kamusi elezo ya Kiswahili ya mtandaoni, ile inayoandikwa na watu wa kujitolea.

Ana kanuni moja: makala ya kwanza ya mgeni haifutwi. Mgeni anakalishwa kando yake, sentensi zinapunguzwa moja moja, na kipanya anakishika mgeni mwenyewe. Magloire Baharanyi, msimamizi mwenzake mwenye uwezo uleule wa kufuta, hana subira hiyo.

Papa Donat Sikuli alikuja baada ya Pasaka. Ni mwalimu mstaafu, mtu wa Butembo aliyehamia mtaa wa Mabanga. Aliandika juu ya bomba la maji la avenyu yao: nani walibeba mabomba juu ya mawe ya volkano, lilikauka lini, wamama walipangaje foleni ya bidoni zao za kuchotea. Lakini alianza kama mkutano wowote wa Goma unavyoanza. Alimsalimu chefu wa mtaa, akamsalimu chefu wa avenyu, padri wa parokia, PDG Josias, mkurugenzi mkuu wa kampuni na mwenye ukumbi wa Jumamosi, "na ninyi nyote kwa vyeo vyenu". Maji yalitokea katika aya ya nne. Miaka yote ya kazi alikuwa amewafundisha wanafunzi kwamba anayefungua mdomo bila kusalimu wakubwa hakulelewa.

Magloire aliifuta na kuacha sababu: "Hii ni hotuba, si makala." Angeishia hapo, ingekuwa ukali tu. Lakini aliupiga ukurasa picha na kuirusha katika kundi la WhatsApp. "Muzee anaomba micro!" aliandika, kana kwamba Donat alitaka maikrofoni ahutubie. Vicheko vikamiminika. Mmoja akaongeza: "Bamuletee na podium." Donat alikuwa ndani ya kundi hilo, akisoma. Aurélie ndiye aliyemwingiza.

Jumapili, misa ilipokwisha, Aurélie alimfuata Mabanga. Donat alimpa kiti kizuri, akabaki amesimama.

"Nilisalimia batu, mama. Bakanifukuza sawa mwizi."

"Papa, kosa ni yangu. Sikukuambia. Kule hakuna table d'honneur, ile meza ya bakubwa. Mutu anasoma peke yake, mu nyumba yake, anatafuta maji. Ukimusalimia chef, chef hayiko pale."

"Ile nimesikia. Lakini Emerance, mutoto yangu, ilifika na ku simu yake, akanionyesha ile picha. Alikuwa anacheka, hakujua ni mimi." Alitazama mlango. "Sitarudi, mama."

Aurélie alimwendea Magloire na kumtaka aombe radhi katika kundi lilelile.

"Mi siko catéchiste, Aurélie," alijibu. "Mwenye hana nguvu, aende."

Jumamosi iliyofuata PDG Josias alikuja mwenyewe kuuona ukumbi wake umejaa. Aurélie alikuwa amembembeleza Donat aje mara moja tu, akubali kurudi au akatae akiwa pale. Donat alikaa karibu na mlango, kofia magotini.

Magloire alishika maikrofoni. Alimsalimu PDG. Alimsalimu mke wa PDG, ambaye hakuwepo. Aliwasalimu wafanyakazi wa PDG, na marehemu baba yake PDG. Kisha akatangaza kwamba, kama zoezi, wageni wote wataandika pamoja ukurasa wa PDG Josias.

Kilichofuata kilikuwa kinyaa. Ukutani, ambako projekta iliuonyesha ukurasa mbele ya wote, sifa zilipandana kama inzi juu ya nyama: mashuhuri, moyo wa dhahabu, baba wa mayatima. Wageni walishindana. Josias alitabasamu na kuelekeza kwa kidole: "Muongeze na vile ninasaidia bajeune." Wakaongeza: mlezi wa vijana. Magloire akauchapisha kwa jina lake mwenyewe.

Aurélie alikunja mdomo, akafungua kompyuta yake. Ukurasa ukatoweka ukutani. Mahali pake pakabaki sababu: "Hii ni hotuba, si makala."

"Aurélie, unafanya nini?"

"Ninafuata mufano yako."

"Lakini PDG iko hapa!"

"Na Papa Donat alikuwa mu groupe."

Karibu na mlango mtu alicheka, kicheko kifupi, cha pua. Alikuwa Donat. Josias aliondoka bila kuaga.

Wiki haikuisha kabla mlango wa ukumbi haujafungwa kwa kufuli. Wageni wengi walimlaumu Aurélie, maana pamoja na ukumbi zilipotea Fanta baridi za Josias, na hawakurudi. Magloire bado yumo katika kundi, hajaomba radhi, na ukitaja bomba la Mabanga hutuma uso unaocheka.

Siku hizi wanakutana kwa Donat, watu wachache kuzunguka meza ya kulia. Jumamosi ya kwanza aliwapokea mlangoni mmoja mmoja, mama karani mbele, wanafunzi nyuma, kila mtu kwa cheo chake. Kisha akaketi, na Aurélie akairudisha makala iliyofutwa.

Donat alishika kipanya. Alimtoa chefu wa mtaa. Alimtoa padri. Josias alimtoa haraka kuliko wote. Kwa chefu wa avenyu mkono ukasita.

"Huyu anakaa nyumba ya pili, mama."

"Utamusalimia kesho asubui, papa."

Alifikiri, akabonyeza. Sentensi ya kwanza ikawa maji.