Ugeni Wangu Kitengela

Kabla sijaondoka Tabora, watu walinionya kuhusu baridi na kuhusu Kiingereza. Hakuna aliyenionya kuhusu Kiswahili. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, nami nilikuwa nimepata nafasi ya kusomea maendeleo ya jamii katika chuo kikuu kimoja nje ya Nairobi. Nilijiambia kwamba Kenya si ng'ambo hasa. Nitavuka mpaka Namanga, nitaendelea kuongea lugha yangu, basi.

Mabweni ya chuo yalikuwa yamejaa, nikapata chumba Kitengela, katika ploti, yaani nyumba ya vyumba vya kupanga, ya mwalimu wa shule ya msingi. Alikuwa mama wa makamo kutoka upande wa Kakamega, mrefu, mwenye sauti iliyozoea kufika mpaka dawati la mwisho. Majirani walimwita Mwalimu. Mimi nilimwita Mama, kwa sababu sikuweza kumwita mtu wa umri ule vinginevyo.

Siku ya pili nilikwenda dukani. Mwenye duka alikuwa mzee wa Kisomali, mtu mpole. Nikamwamkia, kisha nikasema, "Naomba mkate."

Akanitazama. "Unaomba ama unanunua?"

Hakuwa ananidhihaki. Alitaka kujua kweli, na nadhani kama ningesema naomba angenipa. Lakini wasichana wawili waliosimama nyuma yangu walicheka, nami nikachukua mkate wangu nikatoka bila hata kungoja chenji.

Darasani mambo yalikuwa mabaya zaidi. Wenzangu walibishana na wahadhiri kwa Kiingereza kilichotoka haraka kama maji ya bomba, na walipotoka nje waligeukia Kiswahili ambacho sikukielewa, nusu Kiingereza, nusu maneno ya mitaani Nairobi. Kiingereza changu kilikuwa cha kuandika. Kila nilipokuwa nimeshaipanga sentensi kichwani, mjadala ulikuwa umehamia kwingine. Nikaacha kujaribu. Kufikia wiki ya tano nilikuwa naenda chuoni, nakaa pembeni, narudi chumbani, najifungia. Nilikula mkate na chai. Jioni nilisimama dirishani nikitazama tambarare ile isiyo na miti ya maana, vumbi likipita, na kuhesabu wiki zilizobaki kabla ya likizo.

Jumamosi moja Mwalimu akabisha hodi.

"Uko mgonjwa?"

"Hapana, Mama."

"Na kwa nini sijawahi kuona moshi wala kusikia sufuria huku kwako? Kwani huko kwenu mtu hukula akijificha?"

Akaniambia nimfuate. Jikoni kwake kulikuwa na fungu la majani kwenye ungo, akanipa nichambue huku yeye akisonga ugali mweusi wa wimbi na muhogo. Nilipoyashika yale majani, mikono yangu iliyajua kabla ya akili.

"Huu ni mlenda," nikasema.

"Sisi tunaita mrenda. Mnakula hii?"

"Kila siku, Mama. Kwetu ndiyo mboga."

Akacheka, akamwita mumewe kutoka sebuleni aje asikie kwamba Mtanzania anakula mrenda. Tulipokaa kula nikajikuta namweleza yote: duka, darasa, wale wasichana. Alisikiliza bila kuacha kula.

"Mimi nililetwa Kajiado kufundisha nikiwa na umri kama wako," akasema. "Darasa la kwanza, watoto arobaini, wote wanaongea Kimaasai peke yake. Nikalia muhula mzima. Nikaenda kwa mwalimu mkuu kuomba anirudishe nyumbani. Ule mzee hakunirudisha. Alinituma maboma kwa maboma kuandikisha watoto, ati kama siwezi kuongea na wao shuleni niende niongee na mama zao."

"Ukaweza?"

"Nilikunywa maziwa mingi sana," akasema. "Kuweza kulikuja baadaye."

Tangu siku hiyo nilikula kwake mara nyingi. Alinifundisha kusema "nipatie" bila kuona haya, na kwamba mwanamke wa Kimaasai akiniamkia "takwenya" nijibu "iko".

Muhula wa pili tulipewa kazi ya vikundi. Mimi na wasichana wawili wa Nairobi tulitumwa soko la Kajiado kuuliza wanawake jinsi ukame ulivyowaathiri. Wenzangu walinipa mimi kazi ya kuuliza. "Wewe ndiye uko na Kiswahili," mmoja akasema.

Mwanamke wa kwanza alikuwa bibi aliyeketi juu ya turubai, na shanga zake zimepangwa mbele yake. Nilitoa karatasi nikasoma swali langu, sentensi ndefu, safi, ambayo nilikuwa nimejivunia. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akamgeukia jirani yake.

"Huyu anaongea kama redio."

Wakacheka, na wenzangu nao wakacheka. Uso ukanichoma. Lakini safari hii sikuondoka, maana hapakuwa na pa kwenda. Nikaikunja ile karatasi. Kisha nikafanya nilichopaswa kufanya mwanzo: nikapiga goti mbele yake na kuinamisha kichwa, kama tunavyowaamkia wakubwa kwetu. Sikuwa nimepanga. Nikahisi kiganja chake juu ya kichwa changu, kikavu na chepesi.

"Takwenya," akasema.

"Iko."

"Unatoka wapi, wewe?"

"Tanzania."

"Tanzania nilifika," akasema. "Mvua ilikataa, tukapeleka ng'ombe huko Longido. Miezi nne. Hakuna mtu aliuliza karatasi. Mpaka ni ya gari. Ng'ombe hajui."

Tulikaa naye mpaka jua likapanda. Aliongea taratibu, nami nikajifunza kuuliza kwa maneno machache. Alitutajia ng'ombe waliokufa mmoja mmoja, kwa rangi zao, na hakuna kati yetu aliyeandika wakati huo.

Wiki iliyofuata ilikuwa zamu yetu kuongea darasani. Niliposimama Kiingereza kilinikimbia, kama nilivyoogopa. Basi nikayasema maneno ya yule bibi kwa Kiswahili, kama alivyoyasema, kisha nikaanza kuyaeleza polepole. Nilikosea sana. Mhadhiri alinirekebisha mara moja, kisha akaweka kalamu chini akanisikiliza. Sikupata alama za juu. Ila baada ya kipindi mmoja wa wale wasichana wa Nairobi alinisubiri mlangoni.

"Nikusomee insha zako za Kiingereza," akasema, "na wewe unifundishe kuongea na watu. Mimi hata na nyanya yangu tunaelewana nusu."

Tulifanya hivyo miaka yote iliyobaki.

Likizo ya muhula ule ilipofika nilirudi Tabora. Mama yangu aliniuliza nakaa na nani huko, nikamweleza habari za Mwalimu mpaka wali ukaungua. Hakunigombeza. Siku ya kuondoka alinifungia dumu la asali ya msituni, akalizungushia kanga mbili.

Pale Namanga ofisa wa forodha alilifungua, akanusa.

"Hii ni ya biashara?"

"Hapana," nikamwambia. "Ni ya mama ninayekaa kwake, Kitengela."

Akafunga kifuniko vizuri, akanisogezea.

"Haya, pita."